Audacity kwenye studio ndogo za Dodoma: efekti zimekomaa, tagi bado zinadai mkono wako

Kwa studio ya chumba kimoja pale Majengo au Chang'ombe, kwa ofisi ya parokia inayohifadhi mahubiri, kwa redio ya jamii, na kwa vijana wanaokwenda Chamwino au Bahi kurekodi ngoma za Kigogo, Audacity ndiyo programu ya kurekodi na kuhariri sauti tunayoipendekeza kabla ya nyingine yoyote. Upande wa efekti, yaani zana za kusafisha na kurekebisha sauti, imekomaa, na anayejua mpangilio wake atatoa kazi safi kwa kompyuta ya kawaida. Upande wa tagi, yaani jina la mwimbaji, la wimbo, la albamu na mwaka vinavyosafiri ndani ya faili lenyewe, imeacha mapengo ambayo lazima uyazibe mwenyewe. Haya tunayoandika yanahusu toleo la 3.7. Mwenye toleo la chini ya 3.2 atakosa mambo kadhaa ya msingi, na ni bora asasishe kwanza.

Programu ilianzishwa mwaka 1999 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na tangu 2021 iko chini ya kampuni ya Muse Group. Leseni yake ni huria na haina malipo, kwa hiyo hakuna sababu yoyote ya kuchukua nakala kwenye flashi ya mtu. Ipakue kwenye tovuti yake, audacityteam.org, ufunge kazi. Inakubali Windows, macOS na Linux. MP3 inaitoa bila nyongeza yoyote, ila rekodi za simu za M4A na AMR hazifunguki mpaka uweke kando FFmpeg, kifurushi kinachoisaidia kusoma aina zaidi za mafaili, kisha uielekeze kwa kupitia Preferences, Libraries, Locate. Hapo ndipo wengi wanapokwama siku ya kwanza: mtu anaburuta rekodi ya simu, anapata ujumbe wa kosa, anaamua programu ni mbovu.

Kabla ya efekti yoyote kuna kiwango cha sauti inayoingia, na hapa hakuna njia ya mkato. Audacity hurekodi kwa 44100 Hz na biti 32, na wengi hudhani biti hizo zinawakinga na sauti kupasuka. Hazikingi. Sauti hupasukia kwenye miksa au kwenye saundi kadi, kabla haijafika kwenye programu. Waambie kwaya waanze na kiitikio chenye nguvu kuliko vyote, kisha upunguze maiki mpaka vilele vicheze karibu na −12 dB. Washa View, Show Clipping. Kila palipopasuka patachorwa mstari mwekundu. Efekti ya Clip Fix huweza kuokoa vilele vifupi vya hapa na pale, lakini ubeti mzima uliopasuka hauokoki, urudiwe.

Baada ya hapo, mvumo wa umeme. Efekti ya Notch Filter hukata masafa membamba, na yenyewe hufunguka ikiwa imewekwa 60 Hz kwa sababu ndio umeme wa Marekani. Wa kwetu ni wa 50 Hz. Usipobadilisha namba hiyo utaibonyeza mara tano na mvumo utabaki palepale. Andika 50, pandisha Q, namba inayoamua upana wa mkato, hadi karibu 10 ili mkato uwe mwembamba, kisha rudia kwa 100 na 150 kama bado unausikia, maana mvumo wa umeme huja na vizidishio vyake. Ila jaribu kwanza dawa ya bure: chomoa chaja ya laptopu urekodi kwa betri. Mara nyingi mvumo wote unatoka kwenye chaja au kwenye soketi isiyo na arthi, na ukishautoa pale hauhitaji efekti.

Upepo wa Dodoma ni habari nyingine. Kiangazi, mchana ukirekodi uwanjani, maiki hupokea mnguruo mzito ambao masikio yako wala hayaugundui mpaka uvae hedifoni. Dawa yake ni High-Pass Filter. Kwa mhubiri au mtangazaji weka 80 hadi 100 Hz, na mteremko wa 24 dB kwa kila oktava. Kwa muheme, ngoma wanazopiga akina mama wa Kigogo, ukikata kwenye 100 utakuwa umeondoa kifua cha ngoma yenyewe na kubakiza mlio wa ngozi tu. Shuka hadi 40 hivi. Na dhoruba iliyoipiga maiki mpaka ikapasua sauti haina kichujio. Hapo kinachosaidia ni sponji nene au kifuniko cha manyoya juu ya maiki kabla ya kurekodi, pamoja na kusimama upande wa ukuta unaokinga.

Tukae kidogo kwenye Noise Reduction, kwa sababu ndiyo efekti inayosifiwa kuliko zote na ndiyo inayoharibu kazi nyingi kuliko zote. Inafanya kazi kwa hatua mbili. Kwanza unachagua kipande chenye kelele tupu, sekunde mbili hivi ambazo hakuna anayeongea wala kupumua karibu na maiki, unafungua efekti na kubonyeza Get Noise Profile. Dirisha linajifunga. Kisha unachagua rekodi nzima, unafungua efekti tena, unaweka vipimo na kubonyeza OK. Anza na 6 dB za kupunguza, Sensitivity 6, na Frequency Smoothing kati ya 3 na 6. Kama kelele bado ni nyingi, panda hadi 9 au 12. Ukizidi hapo sauti huanza kuwa na majimaji, kama mtu anayeongea ndani ya ndoo, na vikengele vidogo hutokea mwisho wa kila neno.

Kilichomo ndani ni hiki: programu inapima kelele katika kila tabaka la masafa, kisha inashusha kila tabaka ambalo sauti yake haikuvuka kiwango hicho. Kwa sababu hiyo inaiweza kelele isiyobadilika tu. Feni ya dari, jenereta iliyo mbali, mkoromo wa friji: hizo zinaondoka vizuri. Bodaboda inayopita, jogoo, upepo unaokuja kwa mawimbi: haziwezi, kwani kipande ulichochagua hakifanani na kinachofuata. Mvua juu ya bati ndiyo mbaya kuliko zote. Inaenea kwenye masafa yale yale ya sauti ya mtu na inabadilika kila sekunde. Rekodi ya Januari iliyoshikwa na mvua ndani ya kanisa la bati, isitishwe, ingojewe.

Kuna chaguo la Residue ambalo wengi hawalibonyezi, na ndilo la thamani kuliko yote kwenye dirisha hilo. Linakupa usikie kile kitakachotolewa badala ya kitakachobaki. Ukisikia feni peke yake, vipimo viko sawa. Ukianza kusikia silabi za mhubiri, umekata nyama pamoja na mfupa; rudisha chini. Kumbuka kurudisha kwenye Reduce kabla ya OK, la sivyo utabaki na feni na mahubiri yatakuwa yameondoka.

Kwa ala za Kigogo tahadhari ni kubwa zaidi. Ilimba ina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, na utando huo hutoa mtetemo mwembamba unaoifuata kila noti. Mtetemo huo ni sehemu ya ala. Fundi wa ilimba anautengeneza kwa makusudi. Noise Reduction haijui hivyo. Inauona kama kelele ya chini isiyokoma, na ukiwa umechukua sampuli wakati mpigaji bado ameacha chuma cha mwisho kinalia, utaufuta kwenye wimbo wote na kubaki na ilimba iliyokauka. Vilevile zeze: msuguo wa upinde juu ya uzi ni mlio halali. Kwa rekodi za namna hii tumia Residue bila kuchoka, usivuke 6 dB, na kama mahali palikuwa kimya kiasi, acha kabisa efekti hii.

Utaratibu wa efekti una maana. High-Pass kwanza, kisha Noise Reduction, kisha ekwalaiza, kisha kompresa (inayopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo), mwisho usawazishaji wa ukubwa wa sauti na limita (inayozuia vilele visivuke kikomo). Ukiweka kompresa kabla ya kuondoa kelele, kompresa itainua kelele kila mtu anaponyamaza, na utahangaika kuipunguza. Na ukishachukua sampuli ya kelele, usibadilishe ukubwa wa sauti wala kukata masafa kabla hujaitumia, maana sampuli haitalingana tena na rekodi. Ekwalaiza na kompresa hatuna mengi ya kusema: kwa sauti ya mtu, kompresa ya uwiano wa 3:1 inatosha.

Loudness Normalization, efekti ya kusawazisha ukubwa wa sauti, hufunguka ikiwa na −23 LUFS (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika), kiwango cha utangazaji wa Ulaya. Kwa podikasti na mahubiri yanayosikilizwa kwenye simu, −23 ni ya chini mno. Msikilizaji atapandisha simu hadi mwisho na bado asisikie ndani ya daladala. Weka −16 kwa stirio; kwa mono pia −16 kama Treat mono as dual-mono imewashwa, au −19 kama imezimwa. Baada ya hapo vilele vinaweza kuvuka 0 dB. Ndani ya Audacity havijaharibika, lakini ukitoa WAV ya biti 16 vitakatwa, na MP3 nayo itapasuka kwa msikilizaji. Kwa hiyo limita ndiyo ya mwisho. Kwenye limita mpya iliyoletwa na toleo la 3.6, weka Threshold na Make-up target zote −1. Zikitofautiana, limita itainua sauti ambayo umemaliza kuipima.

Tangu 3.2 kuna efekti za papo hapo: unabonyeza Effects kwenye traki, unaongeza, unasikiliza huku ukigeuza, na rekodi ya asili haiguswi. Tangu 3.6 unaweza kuziweka hata kwenye mkondo mkuu, zikagusa traki zote kwa pamoja. Zinapangwa upya kwa kuburuta na kila moja ina swichi yake. Ni hatua kubwa, ila si efekti zote zinazokubali; Noise Reduction, kwa mfano, bado hupigwa moja kwa moja juu ya rekodi. Laptopu dhaifu ikianza kukatakata sauti wakati wa kusikiliza, nenda Preferences, Audio Settings, upandishe Buffer length kutoka 100 hadi 200 au 300. Plagini za VST3, yaani efekti za nje zilizotengenezwa na wengine, zinakubalika pia. Baadhi huangusha programu nzima, kwa hiyo jaribu mpya kwenye nakala.

Vipimo ulivyovipenda vihifadhi kwa Presets & settings ndani ya dirisha la efekti. Unaweza kuvitoa kama faili dogo la maandishi na kulipeleka kwenye kompyuta ya pili ya studio, ili mahubiri ya wiki hii yafanane na ya wiki ijayo hata kama fundi ni mwingine. Kwa kazi nyingi za aina moja kuna Macro Manager kwenye menyu ya Tools: panga High-Pass, Loudness Normalization, Limiter, Export as MP3, kisha uielekeze kwenye mafaili. Funga mradi ulio wazi kwanza, vinginevyo itakataa. Matokeo hutua kwenye folda ya macro-output, si kwenye folda yako, na ubora wa MP3 unakuwa ule uliotumia mara ya mwisho kutoa faili kwa mkono. Ukilisahau hilo unaweza kupata mafaili hamsini ya kiwango cha chini bila kujua.

Sasa tagi. Nyimbo nyingi hapa mjini zinafika kwa msikilizaji kupitia flashi, zikijazwa kwenye vibanda vya stesheneri, kisha zinachomekwa kwenye redio ya gari au spika ya dukani. Faili lisilo na tagi linaonekana pale kama Unknown, na likishakaa kati ya mafaili mia tatu hakuna anayejua kwaya gani imeimba. Jina la faili peke yake halitoshi, kwa sababu mtu wa kwanza atakayelinakili atalibadilisha.

Dirisha la tagi liko kwenye menyu ya Edit, Metadata Editor, na pia linafunguka kwa kitufe ndani ya dirisha la Export. Lina nafasi saba: msanii, wimbo, albamu, namba, mwaka, aina, maoni. Mwaka uandike tarakimu nne tu. Tarehe kamili, kijiji, lugha, majina ya wapigaji na aina ya maiki viende kwenye Comments. Orodha ya aina za muziki haina singeli wala muziki wa Kigogo, lakini inahaririwa: bonyeza Edit sehemu ya Genres uongeze mistari yako. Unaweza kuongeza nafasi zako mwenyewe pia, ila kwenye MP3 huhifadhiwa kama maandishi ya ziada ambayo redio ya gari haiyaonyeshi. Jambo muhimu usilifiche huko.

Kitufe cha Set Default ni kizuri na cha hatari kwa pamoja. Kinajaza jina la studio na mwaka kila mradi mpya unapofunguliwa, na ndicho kinachosababisha albamu ya mwaka huu itoke na mwaka uliopita. Weka humo yale tu yasiyobadilika. Kwa kila kwaya hifadhi kiolezo chake kwa kitufe cha Save. Kinakaa kama faili la XML. Kosa jingine hutokea unapoingiza MP3 ya wimbo wa kufungulia kipindi: tagi za faili hilo zinaweza kuhamia kwenye mradi, na mahubiri yakatoka na jina la msanii wa wimbo. Fungua dirisha la tagi kila mara kabla ya kutoa.

Panapofurahisha ni kugawa rekodi ndefu. Kwenye kila mwanzo wa wimbo bonyeza Ctrl+B uandike jina lake kama lebo. Mwishoni, ndani ya Export Audio, chagua mafaili mengi yanayogawanywa kwa lebo. Programu itatumia lebo kama jina la faili na kama tagi ya wimbo, na itaweka namba kwa mfuatano. Wewe unajaza msanii na albamu mara moja. Lebo zisiwe na alama za kuuliza, nukta pacha wala mikwaju, kwani Windows haizikubali kwenye jina la faili. Ng'ombe na ng'ambo ziandikwe kwa alama ileile iliyonyooka kila mahali, la sivyo utafutaji utaona maneno mawili tofauti.

Pengo kubwa ni picha ya jalada. Audacity haiingizi picha wala haiitoi, na ukifungua MP3 yenye jalada, ukahariri na kuitoa tena, jalada limepotea. Kwa hiyo jalada linawekwa mwisho kabisa, kwa programu nyingine. Kwenye Windows tumia Mp3tag; kwenye Linux, Kid3. Ndani ya Mp3tag unafungua folda, unachagua mafaili yote, unaburuta picha ya JPEG ya mraba, pikseli 500 kwa 500 inatosha, kwenye kisanduku cha chini kushoto, kisha Ctrl+S. Majina ya mafaili ukitaka yafuate tagi, bonyeza Alt+1 uandike %track% - %artist% - %title%. Kwenye mipangilio yake chagua ID3v2.3 ya UTF-16 (ID3 ni muundo wa tagi za MP3), si 2.4, kwa sababu redio nyingi za zamani za gari hazisomi 2.4. Tagi ya kizamani ya ID3v1 hukata jina la wimbo kwenye herufi ya 30 na haishiki herufi zisizo za Kilatini cha kawaida. Anayeandika majina ya Kisandawe cha Kondoa na Chemba kwa herufi za vidoko ataziona zimegeuka alama za kuuliza.

Nakala ya kumbukumbu usiiweke kwa MP3. WAV nayo tagi zake husomwa na programu chache. FLAC inabeba sauti yote bila kupoteza kitu, inachukua nafasi ndogo kuliko WAV, na tagi zake zinakubali herufi zozote.

Anayerekodi bendi ya traki nyingi na kupanga midundo kila siku, REAPER itamfaa zaidi: leseni ya punguzo ni dola 60, kuna siku 60 za majaribio, na tagi zake hujazwa kwa kanuni badala ya kwa mkono. Kwa mahubiri, vipindi vya redio na ngoma za vijijini hatuoni haja ya gharama hiyo.

Nafasi ya diski ipimwe kabla ya safari. Stirio kwa mipangilio ya kawaida hula karibu GB 1.27 kwa saa, mono nusu yake, na kila efekti unayoipiga juu ya rekodi huongeza ukubwa wa mradi kwa sababu programu inatunza uwezo wa kurudi nyuma. Usifanyie kazi mradi ukiwa kwenye flashi. Flashi nyingi ni FAT32, na faili likifika GB 4 linagoma. Umeme ukikatika katikati, washa kompyuta na ufungue Audacity. Itakuuliza kama irejeshe kazi, ukubali. Na usinakili faili la .aup3 mradi ungali wazi: pembeni yake huwa kuna mengine mawili yanayoishia na -wal na -shm, na kazi ya karibuni huweza kuwa bado imo kwenye la -wal. Hifadhi, funga mradi, subiri mawili hayo yatoweke yenyewe, ndipo unakili.